Rekoda ya kampuni ya kebo au rekoda yako mwenyewe: mwongozo kamili wa kuchagua

Je, nikodi rekoda ya kampuni ya kebo au ninunue yangu? Swali hili limenifikia mara nyingi, kila mara kwa maneno tofauti. Mtu amenunua rekoda kwa pesa yake, ameiunganisha vizuri, amepanga irekodi kipindi cha usiku, asubuhi anafungua na kukuta kioo cheusi. Mwingine alikodi king'amuzi cha kampuni chenye uwezo wa kurekodi, akakilipia miaka mitatu, na siku alipohama kampuni akarudisha sanduku pamoja na kila alichokuwa amekihifadhi ndani yake.

Hawa wawili wamekwama mahali pamoja. Walianza kwa kuchagua kifaa, wakati kifaa kinapaswa kuchaguliwa mwishoni. Kwanza inabidi ujue ni nani anashika ufunguo wa chaneli unazotaka kurekodi. Ukishajua hilo, nusu ya uamuzi imekwisha.

Humu nitasema "rekoda ya kampuni" nikimaanisha king'amuzi mnachokodi kwa kampuni ya kebo, chenye diski ndani. "Rekoda huru" ni ile unayonunua wewe: ina tyuna zake (sehemu zinazokamata chaneli), diski yake, na haimilikiwi na kampuni ya televisheni.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu.
- Bili ya mwisho ya kebo pamoja na mkataba, hata kama mkataba uko kwenye simu.
- King'amuzi mnachotumia sasa na rimoti yake.
- Televisheni yenye tundu la kuingiza waya wa kebo au antena.
- Waya mfupi wa kebo, mita 2 hivi, na spilita (kigawanya waya) ya matundu mawili.
- Diski ya nje ya USB, GB 500 au zaidi, isiyo na kitu unachokihitaji. Rekoda nyingi huifuta yote kabla ya kuitumia.
- Siku 14: 7 za kuandika, 7 za kujaribu.

Katika siku hizo usirudishe chochote kwa kampuni. Na ukinunua rekoda huru, nunua kwa muuzaji anayekubali kuipokea tena isipokufaa. Muulize siku ngapi, na aandike kwenye risiti.

## Hatua ya 1: Andika mnachorekodi kwa siku 7

Chora safu tano: chaneli, siku na saa, jina la kipindi, nani atakitazama, na mwisho "tutafuta au tutahifadhi".

Watu huruka hatua hii kwa kuwa wanaamini wanajua wanachotazama. Andika hivyo hivyo. Mara nyingi orodha hushangaza: familia inalipia chaneli 150, lakini vipindi vinavyorekodiwa vinatoka kwenye chaneli 6, na 4 kati ya hizo zinapatikana bure kwa antena.

Safu ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Taarifa ya habari na mechi vikishatazamwa vinafutwa. Lakini kuna vitu ambavyo mtu anataka kubaki navyo, na hapo rekoda ya kampuni ina udhaifu mkubwa.

Nililijua hilo kwa njia ngumu. Mdogo wangu alihojiwa dakika 11 kwenye kipindi cha asubuhi. Tulirekodi kwenye king'amuzi cha kampuni, na mama alikuwa akiwaonyesha wageni. Miezi minane baadaye king'amuzi kikaanza kuganda. Fundi akaja, akachomoa nyaya tatu, akaweka kipya, akakiwasha. Chaneli zote zilikuwepo. Mama akabonyeza kitufe cha vilivyorekodiwa, na orodha ilikuwa tupu. Nilimwomba fundi atuachie sanduku la zamani angalau kwa siku moja. Alisema ni mali ya kampuni, na kwamba hata ningechomoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nisingeona kitu. Alisema kweli: diski za masanduku hayo husimbwa, yaani hufungwa kielektroniki, kwa ufunguo wa sanduku lenyewe, na nje yake hazisomeki.

Umefanikiwa ikiwa: una ukurasa unaoonyesha chaneli zinazorekodiwa kweli, na umeweka alama kwenye vipindi ambavyo kuvipoteza kutakuumiza.

## Hatua ya 2: Pima chaneli zipi ziko wazi na zipi zimefungwa

Chomoa waya wa kebo nyuma ya king'amuzi. Uingize moja kwa moja kwenye tundu la antena la televisheni. Nenda kwenye mipangilio, chagua kutafuta chaneli, na ukiulizwa chanzo chagua kebo. Utafutaji unaweza kuchukua dakika 5 hadi 20. Usiukatishe.

Tahadhari: televisheni nyingi hufuta orodha ya zamani ya chaneli zinapotafuta upya. Kama mmepanga chaneli zenu kwa mpangilio mnaoupenda, piga picha ya orodha kwanza.

Sasa pitia chaneli moja moja ukiwa na daftari la Hatua ya 1. Utakutana na hali tatu:

Chaneli inaonyesha picha na sauti. Hiyo iko wazi, na rekoda huru yoyote yenye tyuna inayolingana na mfumo wa nchi yenu itairekodi.

Jina la chaneli linaonekana lakini picha ni nyeusi, au kuna ujumbe kwamba imefungwa. Hiyo imesimbwa. Rekoda huru itairekodi tu ikiwa kampuni inatoa kadi au moduli ya kuifungua, na rekoda ina tundu la kuipokea.

Chaneli haionekani kabisa. Inawezekana kampuni haitumi tena chaneli kwa njia ya kawaida ya kebo, bali kwa intaneti. Basi tyuna ya rekoda huru haitaiona, hata iwe nzuri namna gani.

Usishangae ikiwa hata chaneli za kawaida kabisa zimefungwa. Marekani, kwa mfano, tangu 2012 kampuni za kebo zilizohamia dijitali kikamilifu zimeruhusiwa kusimba hata kifurushi cha msingi.

Kwa hiyo rudia jaribio kwa antena. Unganisha antena kwenye tundu lilelile, chagua chanzo "antena" au "hewani", tafuta tena. Mtu analalamika kwamba kampuni imemfungia chaneli ya taifa, kumbe ileile inapita hewani bure juu ya paa lake, mara nyingi ikiwa na picha safi zaidi kwa sababu haijabanwa sana.

Umefanikiwa ikiwa: kila chaneli kwenye orodha yako ina alama moja: wazi kwa kebo, wazi kwa antena, au imefungwa.

## Hatua ya 3: Ipigie simu kampuni, na uulize kwa maneno haya

Ukiuliza "naweza kutumia rekoda yangu?" utajibiwa "hapana" au "ndiyo" bila maelezo, na majibu yote mawili yanaweza kuwa si sahihi. Uliza moja moja, andika jibu na jina la kwanza la aliyekujibu:

1. Je, mnatoa kadi au moduli ya kufungua chaneli kwenye kifaa cha mteja? Ada yake kwa mwezi ni kiasi gani?
2. Kwenye kadi hiyo, kuna chaneli za kifurushi changu ambazo hazitafunguka?
3. Kuna vipindi mnavyovizuia kurekodiwa, au mnavyovifuta baada ya muda?
4. Nikiacha huduma, nitaweza kutazama nilichorekodi kwenye sanduku lenu?
5. Sanduku likiharibika, vilivyorekodiwa vitahamishwa?

Swali la 3 linahitaji maelezo. Pamoja na picha na sauti, kampuni inaweza kutuma alama inayoiambia rekoda kinachoruhusiwa: nakili utakavyo, nakili mara moja tu, au usinakili kamwe. Ulaya, ambako televisheni hutumia moduli za CI+, alama hizo zinaweza kuzuia kurekodi kabisa, au kukuruhusu kusimamisha kipindi kwa dakika 90 tu kisha kikafutika. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na moduli halali, anaona chaneli vizuri, lakini kitufe cha kurekodi kinakataa. Kifaa ni kizima. Kinatii alama.

Marekani kadi hiyo huitwa CableCARD. Mwaka 2020 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, iliondoa kanuni zilizokuwa zikizilazimisha kampuni za kebo kuitoa, na Oktoba 2025 TiVo, jina lililojulikana kuliko yote kwa rekoda huru za kebo, iliacha kuuza rekoda zake. Aliye huko na anayefikiria kununua rekoda ya CableCARD iliyotumika, swali la 1 na la 2 alipe uzito wa pekee. Hata kampuni inayoitoa leo inaweza kuacha kesho.

Umefanikiwa ikiwa: una majibu matano yaliyoandikwa. "Nadhani inawezekana" si jibu. Omba wakuulizie fundi, kisha piga tena.

## Hatua ya 4: Ujue mtego wa HDMI kabla haujakunasa

Nikihesabu waliokwama, wengi wamekwama hapa.

Wazo linaonekana zuri: king'amuzi cha kampuni kinafungua chaneli, kina tundu la HDMI la kutoa picha, basi nunua rekoda yenye tundu la HDMI la kuingiza, unganisha, rekodi. Unaunganisha, kisha unapata kioo cheusi, theluji, au maandishi kwamba maudhui yanalindwa.

Sababu ni HDCP. Ni ulinzi unaosafiri ndani ya HDMI. King'amuzi kabla ya kutoa picha huuliza kifaa kilicho upande wa pili: wewe ni nani? Televisheni hujibu kwa ufunguo unaokubalika, picha inapita. Rekoda halali haina ruhusa ya kurekodi picha iliyolindwa hivyo, kwa hiyo haitairekodi. Kubadili waya hakusaidii, wala kununua waya wa ghali.

Kuna vifaa vinavyouzwa kwa ahadi ya kuondoa ulinzi huo. Sivipendekezi. Sheria za nchi nyingi zinakataza kuvunja ulinzi wa namna hii, na sasisho moja la king'amuzi linaweza kuvifanya visifae tena.

Njia ya zamani ipo: matundu matatu ya rangi, njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Hayo hayana HDCP. Lakini fahamu unachopata. Picha ni ya mistari 480 au 576, wakati HD kamili ina 1080. Maandishi madogo ya matokeo ya mechi yatasomeka kwa shida. Rekoda itarekodi chaneli ile tu ambayo king'amuzi kimewekwa wakati huo, kwa hiyo huwezi kutazama nyingine. Na lazima king'amuzi kiwe kimewashwa. Vingi hujizima vyenyewe visipoguswa rimoti kwa saa kadhaa, kipindi chako kikaanza kurekodiwa kikiwa giza. Ukiamua kutumia njia hii, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, tafuta sehemu ya kuokoa umeme, zima kujizima.

Ving'amuzi vipya vingi havina tena matundu hayo. Geuza chako utazame nyuma kabla ya kupanga lolote.

Umefanikiwa ikiwa: hutegemei HDMI popote katika mpango wako wa kurekodi.

## Hatua ya 5: Hesabu tyuna

Tyuna ni sehemu inayokamata chaneli. Kwa kawaida tyuna moja, chaneli moja kwa wakati mmoja. Rudi kwenye daftari, tafuta saa yenye msongamano kuliko zote. Ikiwa saa 2 usiku mnarekodi vipindi viwili na mtu anatazama cha tatu moja kwa moja, mnahitaji tyuna 3. Ongeza moja ya akiba, maana vipindi huchelewa kwisha na kinachofuata huanza kabla cha kwanza hakijamalizika.

Kuna afueni ndogo: baadhi ya rekoda zinaweza kurekodi chaneli mbili au zaidi kwa tyuna moja, mradi zote zinasafiri kwenye masafa mamoja. Usiitegemee bila kuijaribu.

Kwa kebo na antena, waya mmoja unatosha kulisha tyuna zote. Lakini ukigawa waya kwa spilita ili king'amuzi cha zamani na rekoda mpya vifanye kazi pamoja, kila tundu linapata chini ya nusu ya nguvu, pungufu ya desibeli 3.5 hivi. Kama mawimbi yenu ni dhaifu, hapo ndipo vinaanza vile vijisanduku vya rangi kwenye picha. Fungua ukurasa wa nguvu na ubora wa mawimbi kwenye rekoda, linganisha kabla na baada ya spilita.

## Hatua ya 6: Hesabu nafasi ya diski

Hesabu ni rahisi. Chukua kasi ya chaneli kwa megabiti kwa sekunde, zidisha kwa 0.45, unapata gigabaiti kwa saa. Chaneli ya megabiti 4 inakula GB 1.8 kwa saa. Ya megabiti 8 inakula GB 3.6. Ya megabiti 15 inakula GB 6.75.

Hujui kasi ya chaneli zenu? Rekodi saa moja kamili, angalia nafasi iliyopungua. Hilo ni sahihi kuliko tangazo lolote. Boksi likisema "saa 600 za kurekodi", aghalabu wamehesabu picha ya ubora wa chini. Kwa GB 3.6 kwa saa, diski ya GB 1000 inabeba saa 277 hivi, na usiijaze kabisa, rekoda nyingi huanza kufuta za zamani au kukataa mpya.

Kuhusu diski yenyewe:

Usitumie flashi. Rekoda inayokuruhusu kusimamisha kipindi cha moja kwa moja inaandika muda wote ambao televisheni imewashwa. Flashi nyingi huchoka haraka, na nyingine ni polepole kiasi kwamba picha inarukaruka.

Sikiliza diski inapowaka. Ikifanya tik, tik, kisha kimya, halafu tena tik, haipati umeme wa kutosha. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, na baadhi ya diski huhitaji zaidi zinapoanza kuzunguka. Tumia diski yenye adapta yake ya umeme.

Na muulize muuzaji: nilichorekodi kitasomeka kwenye kompyuta? Baadhi ya rekoda huru nazo huifunga diski kwa kifaa kimoja, kama masanduku ya kampuni. Nyingine huhifadhi faili za kawaida, mara nyingi zenye mwisho wa .ts, ambazo unaweza kuzinakili popote. Kama kwenye Hatua ya 1 uliweka alama kwa vipindi vya kuhifadhi, hii aina ya pili ndiyo yako, na mimi nisingenunua nyingine.

Umefanikiwa ikiwa: umerekodi saa moja, ukahamisha faili kwenye kompyuta, ikacheza picha na sauti.

## Hatua ya 7: Hesabu gharama kwa miezi, usiangalie bei peke yake

Rekoda ya kampuni inaonekana rahisi kwa kuwa unalipa kidogokidogo. Rekoda huru inaonekana ghali kwa kuwa unatoa zote siku moja. Zilinganishe hivi.

Kwanza jumlisha vya kununua: rekoda, diski, spilita, nyaya, antena kama utahitaji.

Pili, tafuta unachookoa kwa mwezi. Chukua kodi ya rekoda ya kampuni kwenye bili, pamoja na ada ya huduma ya kurekodi, maana kampuni nyingi hutenganisha hivyo viwili. Kisha ondoa ada ya kadi au moduli, ada ya ratiba ya vipindi ya rekoda huru kama ipo, na kodi ya king'amuzi cha kawaida ambacho bado utakihitaji kwa chaneli zilizofungwa.

Gawanya cha kwanza kwa cha pili. Jibu ni miezi ya kurudisha pesa yako.

Ikiwa ni chini ya 24, rekoda huru ina faida. Ikizidi 36, kodi. Katikati ya hapo acha mambo mengine yaamue. Nimeweka 24 kwa sababu diski ya rekoda hufanya kazi bila kupumzika, na dhamana za vifaa hivi mara nyingi huishia mwaka mmoja au miwili. Baada ya hapo ikifa ni mzigo wako, ilhali sanduku la kampuni likifa wanaleta jingine.

Ada ya ratiba isikupite hivi hivi. Rekoda nyingi huru hupata orodha ya vipindi kutoka kwa huduma ya intaneti, na huduma ikifungwa, kifaa kizima kinakuwa kipofu. Uingereza wenye TiVo za kwanza walipoteza huduma hiyo mwaka 2011, masanduku yakiwa bado yanawaka vizuri. Tafuta rekoda inayoweza pia kusoma ratiba inayorushwa pamoja na chaneli, au angalau inayokubali kupangwa kwa saa.

## Hatua ya 8: Amua

Chagua rekoda ya kampuni ikiwa sehemu kubwa ya orodha yako imefungwa na kampuni haitoi kadi wala moduli. Hakuna ujanja halali wa kuizunguka hali hii. Ichague pia ikiwa karibu vyote mnavyorekodi vinafutwa baada ya kutazamwa, au ikiwa nyumbani kuna mzee aliyezoea rimoti moja. Hilo la rimoti nalipa uzito. Nimeona mtu wa miaka 70 akiacha kabisa kutazama televisheni kwa sababu wanawe walimwekea mashine mbili na rimoti tatu.

Chagua rekoda huru ikiwa chaneli unazorekodi ziko wazi kwa kebo au antena, au kampuni inatoa kadi bila vizuizi vingi, na unataka kubaki na faili zako.

Chagua zote mbili ikiwa orodha imegawanyika. Kodi king'amuzi cha kawaida kisichorekodi kwa chaneli zilizofungwa, weka rekoda huru kwenye antena. Familia nyingi zinazofuata hatua hizi huishia hapa.

Kuna kampuni zinazorekodi kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta zao. Huhitaji diski, na sanduku likiungua vipindi viko salama. Lakini vina muda wa kuishi: YouTube TV ya Marekani, kwa mfano, huvihifadhi miezi 9. Huduma ya namna hii ihesabu kama rekoda ya kampuni.

## Hatua ya 9: Jaribu siku 7, vifaa vyote viwili vikifanya kazi

Acha rekoda ya kampuni ilipo. Weka mpya kando yake kwa spilita. Usiipandishe juu ya king'amuzi. Vyote viwili hutoa joto, na joto huua diski. Acha nafasi ya upana wa kiganja juu na pembeni.

Panga vipindi vilevile kwenye vyote viwili.

Hapa kuna kosa ambalo sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili hulifanya sana. Ukipanga kwa mkono, mashine inataka saa za 24. Saa 2 usiku ni 20:00. Saa 12 jioni ni 18:00. Na usiku wa manane tarehe hubadilika: kipindi tunachosema ni cha Jumamosi saa 6 na nusu usiku, kwa mashine ni Jumapili 00:30. Ukiweka Jumamosi 00:30 utarekodi usiku uliotangulia. Nimewahi kuikosa fainali nzima kwa hilo, nikiwa na uhakika kwamba rekoda ni mbovu.

Ongeza dakika 2 kabla na dakika 10 baada. Kwa michezo ongeza dakika 60 baada, maana kuna muda wa nyongeza na penalti.

Katikati ya wiki fanya majaribio matatu ya makusudi:

1. Wakati hakuna kinachorekodiwa, chomoa umeme wa rekoda kwa dakika 5, rudisha. Ratiba uliyopanga ipo bado? Saa imejirekebisha?
2. Anza kurekodi idadi ya chaneli sawa na tyuna zako, kisha tazama ulichorekodi jana. Picha inarukaruka?
3. Mwachie rimoti yule ambaye hajui kabisa mashine hizi. Mwambie afungue taarifa ya habari ya jana. Kaa kimya. Akishindwa baada ya dakika 3, andika alipokwama, mfundishe, mjaribu tena kesho.

Umefanikiwa ikiwa: siku ya 7 kila kipindi kilichopo kwenye rekoda ya kampuni kipo pia kwenye mpya, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kimoja kikikosekana, tafuta sababu kabla ya kuendelea. Viwili vikikosekana kwa sababu usiyoielewa, rudisha rekoda kwa muuzaji siku za kurudisha hazijaisha.

## Hatua ya 10: Rudisha sanduku la kampuni

Kwanza tazama tena kila kilichomo ndani ya sanduku. Vya kufutwa vitazameni sasa. Kwa vile ulivyoweka alama, kama sanduku lina matundu ya rangi, virekodi upya kwa njia ya Hatua ya 4, ukivicheza kimoja kimoja kwa muda wake wote. Inachosha, na picha haitakuwa ya HD, lakini dakika 11 za mtu wako zitabaki. Kama halina, uliza kituo kilichorusha kipindi. Baadhi hutoa nakala kwa wanaohojiwa, au huweka vipindi vyao kwenye intaneti.

Kisha piga picha ya namba ya sanduku iliyo chini au nyuma yake, pamoja na rimoti, adapta na kadi, vyote vikiwa mezani. Mrudishie mfanyakazi wa kampuni mkononi, na usiondoke bila risiti yenye namba hiyohiyo. Bili ya mwezi unaofuata isome mstari kwa mstari: kodi ya sanduku na ada ya kurekodi zote mbili ziwe zimetoka. Ikiwa moja imebaki, piga simu siku hiyohiyo ukiwa na risiti mbele yako.